Intaneti Imefika Kijijini. Imefika kwa Nani?

(Mhadhara uliotolewa Moshi, umeandikwa kama ulivyosemwa)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na ameniomba nisiwarudishe tena kwa wale samaki wa Kerala. Nimemwahidi kwamba nitajitahidi. Zaidi ya hapo sikuahidi.

Agosti 2022 intaneti yenye kasi ilipandishwa kwenye mlima wetu huu hadi kituo cha Horombo, mita 3,720. Mgeni anapiga picha juu ya mawingu, na kabla hajavua viatu picha iko kwao Ulaya. Sina ugomvi na hilo. Mpagazi akivunjika mguu naye anahitaji mawasiliano. Lakini tangu siku ile, kila nikizungumzia intaneti na maisha ya watu, ananyanyuka mtu: "Mwalimu, mbona hata mlimani ipo!" Ipo, baba. Mimi nauliza huku chini, kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, simu yenye bando iko mfukoni mwa nani?

Haya, samaki. Mwenyekiti, usinitazame hivyo.

Kerala ni kusini mwa India, pwani ya wavuvi wa sardini. Asubuhi ya Januari 14, 1997, ufukweni Badagara, wavuvi 11 walimwaga mzigo wao wote kwa sababu wanunuzi hawakuwepo. Ndani ya kilomita 15 kutoka hapo walikuwepo wanunuzi 27 wanajiandaa kurudi nyumbani mikono mitupu. Mchumi Robert Jensen ndiye aliyeyaandika hayo. Mwaka huohuo simu za mkononi zikaanza kuenea pwani ile. Mvuvi akawa anapiga simu akiwa bado baharini, anauliza leo samaki wamepungua soko gani, anageuza boti. Habari ya kumwaga samaki ikaisha. Faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 hivi, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Muuzaji kapata, mlaji kapata. Na hiyo ilikuwa simu ya kupiga tu, hakuna intaneti hapo.

Basi kila mradi unaoingia Kilimanjaro na Arusha unatuletea samaki walewale, safari hii wamevalishwa nyanya. "Mkulima ataona bei kwenye simu, atauza anakotaka." Mkulima wa nyanya ana boti? Hapo ndipo ninapokasirika, mnisamehe. Yule mvuvi alikuwa juu ya chombo, mzigo anao, mafuta yamo. Alichokosa ni taarifa peke yake. Mama wa Mwika bei ya ndizi ya Dar anaijua tangu jana usiku, dada yake yuko soko la Mabibo kamtumia ujumbe. Anachokosa ni Fuso. Mwenye Fuso ni dalali, na dalali huyohuyo ndiye aliyemkopesha ada ya mtoto Januari. Unadhani mama atamwambia dalali nini, "samahani kaka, nimeona bei nzuri mtandaoni"? Na kwenye vitunguu na viazi kuna lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Simu inakuambia bei ya gunia. Haikuambii gunia lenyewe limejazwa hadi wapi juu ya mdomo wake. Lumbesa imekatazwa miaka nenda rudi. Nendeni sokoni mkaitazame.

Sasa kuna atakayesema mwalimu anapinga maendeleo. Sipingi chochote. Upo utafiti wa Benki ya Dunia wa hapahapa Tanzania, uliotumia takwimu za kaya zilizofuatiliwa kati ya 2008 na 2013, wakati 3G inasambaa. Maeneo yaliyofikiwa, matumizi ya kaya yaliongezeka na umaskini ukapungua. Safi kabisa. Ila msiishie kwenye kichwa cha habari, someni nafuu hiyo ilipita njia gani. Ilipita kwenye kazi. Watu waliingia kwenye ajira za mshahara na biashara zao, wakapungua shambani. Waliofaidi zaidi ni wanaume vijana wenye ujuzi. Kwa wanawake, walionufaika ni wenye ujuzi pia, waliotoka kwenye jembe wakaanzisha shughuli zao. Mama wa darasa la saba mwenye kihamba na ng'ombe mmoja, mtafuteni kwenye ripoti ile kwa tochi.

Ndiyo maana nasema kaya si mtu mmoja. Mdadisi anakuja na fomu: kaya ina simu janja? Ndiyo. Anaweka tiki, anakwenda zake. Simu ni ya baba, inaondoka naye asubuhi, inarudi saa nne usiku ina chaji asilimia tatu. Mama ana kitochi, simu ndogo ya kubonyeza. Simu janja humfikia kioo kikishapasuka.

Na kitochi msikidharau! Kenya, Tavneet Suri na William Jack walionyesha mwaka 2016 kwamba M-Pesa, ambayo haikuhitaji intaneti, ilitoa kaya kama 194,000 kwenye umaskini, na nguvu yake ilionekana zaidi kwenye kaya zinazoongozwa na wanawake. Mimi sishangai. Pesa inaingia kwenye laini ya mama, namba ya siri anaijua mwenyewe, shemeji hana habari. Ndiyo maana tozo ya miamala ya Julai 2021 iliwauma hawa kuliko mtu mwenye akaunti tatu za benki. Serikali yenyewe iliipunguza Septemba.

Kubeti? Nimeliona swali lako, mzee, kabla hujanyoosha mkono. Ndiyo, vijana wanachoma pesa kwenye mikeka. Baba zao walizichoma kwenye mbege na bao, wala hatukufunga vilabu. Kinachonitisha zaidi ni mikopo ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zinazokopesha bila leseni. Ukichelewa kulipa, namba zote ulizohifadhi zinatumiwa ujumbe, mpaka mchungaji wako anajua unadaiwa.

Naona karatasi ya mwenyekiti. Bei ya bando nilikuwa na kurasa nne, nazikunja. Shule sigusi. Niseme hili tu: mwenye kipato cha siku hununua bando la siku, na muda ukiisha linakufa na MB zake ndani.

Nyinyi wa Chuo cha Ushirika, mkienda vijijini na fomu zenu, lifuteni lile swali la "kaya ina simu?" Ulizeni jana nani aliishika, aliweka bando la shilingi ngapi, na kwa pesa ya nani. Mama muulizeni akiwa peke yake, mume asikae hapo anamjibia.

Haya, maswali. Wanaanza akina mama. Mzee wa kubeti, wewe subiri.