Mlikuta Nini?

(Mhadhara uliotolewa Mwanza mbele ya wanafunzi wa maabara, udaktari na uuguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wananchi waalikwa)

Shikamooni wazee wangu. Wanafunzi, hamjambo. Na nyie mliovuka maji alfajiri kuja kunisikiliza, mwangaluka.

Naanza na swali nililoulizwa nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga. Mama mmoja alikaa mkabala nami, beseni lake la dagaa kalibana kati ya miguu. Akanitazama muda mrefu, kisha akasema, "Wewe si ulikuja kijijini kwetu kuwatoa watoto damu?" Nikamjibu ndiyo, ni mimi. "Sasa mlikuta nini?"

Miaka minne ilikuwa imepita. Damu ile tuliihesabu chupa kwa chupa, tukaigandisha, ikasafirishwa, ikapimwa. Makala ikaandikwa, na nakala yake ninayo mpaka leo. Kijijini hakurudi mtu. Nilimweleza yule mama yale niliyoyakumbuka, injini inanguruma na mimi napaza sauti juu ya mambo ya mtoto wake mbele za watu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sisi tulijua mmeiuza."

Taasisi iliyosimamia mradi ule siitaji, maana sikuja hapa kushtaki, na mikono iliyoshika sindano ilikuwa yangu. Nimekuja kwa sababu ya neno lile. Wenye umri wangu mnakumbuka tulivyotishwa na habari za mumiani, watu wanaokuja usiku kunyonya damu wakauze. Sisi wa maabara tukisikia habari hizo tunasema elimu haijafika. Mimi nasema tujitazame kwanza. Mtu aliyechukua damu yako mchana, akaondoka nayo kwenye boksi la barafu, asirudi tena, utamwita nani?

Sasa niwaonyeshe kazi yenyewe, maana wengi mnatoa sampuli na hamjawahi kuona inakwenda wapi.

Chukua kichocho cha tumbo. Ukikaa visiwani Ukerewe, Kome au huku ufukweni mwa Ziwa Victoria unakifahamu. Konokono wa majini hutoa vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevuta nyavu. Mtoto analetewa kikopo, kesho yake anarudisha choo. Mezani tunakipitisha kwenye chekecheke laini ili makapi yabaki. Kinachopita tunakijaza kwenye kitundu cha kibao cha plastiki, tunasawazisha. Kitundu kile kinabeba miligramu 41.7, kiasi kidogo kuliko punje ya mahindi. Tunaweka kwenye kioo, tunafunika kwa kipande cha selofani kilicholowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani, tunageuza na kukandamiza taratibu. Gliserini inafanya uchafu uwe mwangavu, mayai yabaki yakionekana.

Yai la kichocho hiki ukiliona mara moja hulisahau: limerefuka, rangi ya kahawia, na ubavuni lina mwiba. Unahesabu yote yaliyomo, unazidisha kwa 24, unapata mayai kwa kila gramu moja ya choo. Mayai 5 kwenye kioo ni 120 kwa gramu, na kuanzia 100 hatuiti tena maambukizi madogo.

Hapa naomba wanafunzi mnisikilize kwa makini. Kwenye kioo hichohicho tunatafuta pia mayai ya minyoo ya safura, nayo hayasubiri. Gliserini huyafuta, na ukichelewa kuangalia zaidi ya saa moja hivi utaandika kwamba hakuna safura wakati ipo. Mtu wa maabara aliyetoka kwenda kunywa chai kioo kikiwa mezani amepotosha utafiti, na hakuna atakayemgundua, maana kwenye daftari sifuri ya kweli na sifuri ya uzembe zinafanana. Halafu kuna wenye mayai machache. Kioo kimoja kinaweza kumkosa mgonjwa kabisa, ndiyo sababu tunatengeneza viwili, na tukiweza tunaomba choo cha siku nyingine. Mzazi akilalamika kwamba tunamsumbua mtoto mara mbili, mwelezeni hivi nilivyowaeleza. Anaelewa. Sijawahi kumwona mzazi aliyeelezwa hili akakataa.

Hiyo ni ya kijijini. Ya wodini ni nzito zaidi.

Hospitali yetu ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 juu ya kile kilima, na mpaka leo wagonjwa walioshindikana Geita, Simiyu, Mara, Kagera na Shinyanga wanapandishwa pale. Mtoto wa siku tatu analetwa hanyonyi, mwili umepoa au unawaka moto. Daktari anahisi vimelea vimeingia kwenye damu. Muuguzi anavuta damu kidogo sana, labda mililita moja, maana mtoto mwenyewe damu yake yote ni kama kikombe kimoja tu cha chai. Inaingia kwenye chupa yenye supu ya kuoteshea vimelea, chupa inakaa kwenye joto la mwili. Kukiwa na kitu, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili supu inaanza kutibuka. Tunachota tone, tunapaka rangi, tunaangalia, tunapanda kwenye sahani, tunaweka vidonge vya karatasi vyenye dawa. Kesho yake tunapima kwa rula: duara safi kuzunguka karatasi ni milimita ngapi? Duara likikosekana na vimelea vikaota hadi kwenye karatasi yenyewe, dawa hiyo haifanyi kazi.

Wakati wote huo mtoto hakusubiri rula yetu. Alishaanzishiwa dawa za ampisilini na jentamaisini, kama mwongozo unavyosema. Nimewahi kushuka ngazi na karatasi ya majibu mkononi nikakuta kitanda kimeshatandikwa upya. Sitaki kulizungumza sana hilo.

Ila karatasi ile ina kazi ya pili, nayo ndiyo utafiti wa hospitali ya kufundishia. Jibu la mtoto mmoja ni tiba yake. Majibu ya watoto 300 yakipangwa pamoja, na uzito wao, na walikozaliwa, na nani alipona, yanaanza kusema jambo ambalo hakuna daktari mmoja angeweza kuliona akiwa zamu. Kazi ya namna hiyo ilifanywa Bugando na kuchapishwa mwaka 2010. Ilikuta vimelea wa Klebsiella wakiwa miongoni mwa wanaoongoza, na usugu mkubwa kwa dawa zilezile tunazoanza nazo. Mtoto anayeletwa leo akibadilishiwa dawa mapema, kuna watoto waliomtangulia waliolipia maarifa hayo, na mama zao hawajui kabisa kwamba waliisaidia dunia. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mwanza tuna utafiti ambao dunia nzima iliusoma. Ulianza mwaka 1991, VVU ikiwa inatuzika kila wiki. Watafiti walichukua jamii 12 za mkoa huu, za visiwani, za ufukweni, za barabarani na za ndani vijijini, wakazipanga jozi sita. Katika kila jozi, jamii moja iliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vyake vya kawaida: watumishi wakafundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa zipo. Nyingine ilisubiri. Wakafuatilia watu wazima kama 1,000 kwa kila jamii kwa miaka miwili. Pasipoboreshwa, watu 1.9 kati ya kila 100 wasiokuwa na virusi walikuwa wameambukizwa. Palipoboreshwa ni 1.2. Matokeo yalitoka mwaka 1995, na hesabu ikaonyesha maambukizi mapya yamepungua kwa takribani asilimia 40.

Ninapoisoma namba hiyo naona zahanati. Naona tabibu wa kijijini, meza ya mbao, kopo la vidonge lililofungwa vizuri. Haikuhitajika mashine kutoka ng'ambo. Mnaofanya kazi zahanati mkiambiwa utafiti ni wa wakubwa wa kilimani, kumbukeni jibu lile lilipatikana mezani kwenu.

Na kuna jibu la pili, ambalo watu hawapendi kulisimulia. Baadaye ikaulizwa: je, tukiidhibiti malengelenge ya sehemu za siri kwa dawa ya kila siku, VVU itapungua pia? Zaidi ya wanawake 800 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, wanaofanya kazi kwenye baa, gesti na maeneo ya namna hiyo, walikubali. Nusu walipewa asaikloviya mara mbili kwa siku, nusu vidonge vinavyofanana visivyo na dawa, na hakuna aliyejua kapewa kipi. Mwaka 2008 jibu likachapishwa: hakuna tofauti. Mimi nawaheshimu sana wanawake wale. Walimeza vidonge miezi na miezi, wakaja kliniki wakitoka zamu ya usiku, na walichokiletea ulimwengu ni neno "hapana" lililo safi. Neno hilo limeokoa fedha na muda wa nchi nyingi. Nauliza tu kama kila mmoja wao alikuja kuambiwa.

Mabinti wa hapa Mwanza nao wamefanya kazi kubwa. Wasichana 930, wa miaka 9 hadi 14, waliingia kwenye utafiti wa chanjo ya HPV, ile inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, wengine wakipata dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Kinga iliyotokana na dozi moja ilijitosheleza. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 likakubali ratiba ya dozi moja, likitazama pia ushahidi wa kwingine, na Tanzania ikahamia dozi moja mwaka 2024. Binti wa darasa la nne anayechomwa sindano moja leo Tunduru au Mpanda, sehemu ya sababu ni mkono wa binti wa Mwanza.

Basi ninaloomba ni dogo na lina gharama. Kwenye kila andiko la utafiti, kabla halijapelekwa kamati ya maadili, liwekwe fungu la kurudi: mafuta ya gari au nauli ya boti, siku mbili za watu wawili, na mkutano wa kijiji. Tarehe atajiwe mwenyekiti wa kijiji siku ileile tunapochukua sampuli. Na tukirudi tuzungumze lugha ya pale, Kisukuma, Kikerewe au Kijita, tubebe namba tatu au nne tu, tukae chini tuulizwe. Fomu ya ridhaa ina kurasa nyingi, mtu anabonyeza dole gumba mbele ya shahidi, na mahali pameandikwa kwamba ana haki ya kuuliza. Haki ya kuuliza bila mtu wa kumuuliza ni wino tu.

Mwaka jana nilirudi kwenye kijiji cha yule mama. Nilikwenda kwa nauli yangu na makala ile mfukoni, nimeandika kwa kalamu pembeni maneno ya Kiswahili. Tulikaa chini ya mwembe watu kama ishirini. Waliniuliza maswali saa mbili nzima, mengine sikuyaweza, nikayaandika. Yeye hakusema kitu hadi mwisho. Akamwita kijana mrefu aliyekuwa amesimama nyuma, akasema, "Huyu ndiye mliyemtoa damu. Mwambie na yeye."

Nimeongea mengi. Pale dirishani kuna hadubini mbili. Ya kushoto ina kioo cha kichocho nilichokiandaa asubuhi. Usiguse gurudumu kubwa. Zungusha lile dogo, polepole, mpaka mwiba wa ubavuni utokee. Wazee watangulie, kisha wahudumu wa vijiji, wanafunzi mtasubiri. Karibuni mwone.