Safari ya Mwisho wa Juma Kandokando ya Ziwa: Bujora, Butiama na Ukerewe

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni wetu,

Niliombwa nizungumzie namna mkazi wa Mwanza anavyoweza kuutumia mwisho wa juma kuzuru urithi na sanaa za miji iliyo kando ya Ziwa Victoria. Njia ninayoipendekeza ni hii: unatoka mjini kwa barabara ya Musoma, unapita Igoma, unachepuka Kisesa kwenda Bujora, unaendelea Magu na Lamadi hadi Bunda, unafika Butiama, kisha unarudi Bunda na kushika barabara ya Kisorya, ambako kivuko kinakuvusha hadi Rugezi, upande wa kisiwa cha Ukerewe, na ukishamaliza haja zako Nansio, mji mkubwa wa kisiwa hicho, unarejea Mwanza kwa meli. Ni mzunguko kamili, na sehemu yake ya mwisho ni ya maji. Hoja yangu ni kwamba sanaa za ukanda huu zimedumu pale zilipopata wasikilizaji na zimeyumba pale zilipowakosa, na kwa sababu hiyo msafiri anayezizuru ana wajibu mkubwa kuliko kupiga picha na kuondoka.

Kabla ya Bujora tunapita Igoma, na ningeomba gari lisimame pale. Walipozikwa wengi wa waliofariki katika ajali ya meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, ni sehemu ya historia ya ziwa hili kama ilivyo ngoma na jumba la makumbusho. Dakika chache za ukimya zinatosha. Wenyeji hawahitaji hotuba zetu.

Bujora iko kiasi cha kilomita 20 kutoka Mwanza, juu ya kilima chenye mawe ya aina ile ile tunayoyaona mjini. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko hapo yalianzishwa kwa juhudi za Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeishi na Wasukuma kwa miaka mingi, akajifunza lugha yao na kushirikiana nao kukusanya zana, nyimbo na habari za kale. Jambo hilo halikuwa la kawaida kwa wakati wake, kwani wamisionari wengi waliomtangulia waliziona ngoma za wenyeji kuwa kazi ya shetani, na Mkristo aliyeonekana uwanjani aliweza kutengwa na kanisa lake. Ndani ya eneo la makumbusho kuna nyumba ya mfano wa kaya ya Kisukuma, nyumba ya mganga, nyumba ya wahunzi, na jengo la watemi, yaani machifu wa Kisukuma, ambalo limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Ngoma za kitemi zilizohifadhiwa humo zina sababu ya kuwa humo: mwaka 1963 serikali ilifuta mamlaka ya machifu nchini, na vyombo vilivyokuwa vikipigwa kutangaza kutawazwa au kifo cha mtemi vikabaki bila kazi. Nasema hivi bila kuulilia utemi, maana ulikuwa na dhuluma zake. Nataka tu mgeni aelewe kwamba kila ngoma anayoiona imenyamaza kwa sheria ya Bunge, na haikunyamaza kwa sababu ngozi yake ilichakaa.

Kinyume cha ngoma hizo ni ngoma za mashindano, ambazo sheria hiyo haikuzigusa. Wachezaji wa Kisukuma wamegawanyika tangu karne ya 19 katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake inasimuliwa kuwa ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha. Utaratibu wa mashindano yao unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndio kiini cha mazungumzo yangu. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, katika viwanja vilivyo jirani, na hakuna meza ya majaji wala alama za kujumlisha. Umati wenyewe ndio unaoamua: watu wakilihama kundi hili na kulifuata lile, aliyehamwa ameshindwa, na kila mtu aliyepo ameona. Ndiyo maana manju, yaani watunzi na waongozaji wa nyimbo, hubuni nyimbo za kejeli kuwahusu wapinzani wao, wachezaji huleta vituko vipya kila msimu, wengine hucheza na chatu mabegani, na kila chama kina dawa zake za kuvuta watu, ambazo siri yake haitolewi ovyo. Bugobogobo, inayochezwa kwa majembe yanayorushwa juu na kudakwa, ilitokana na nyimbo za kulima kwa pamoja, lakini ilipata umahiri wake uwanjani, mbele ya watu waliokuwa na hiari ya kugeuza migongo na kuondoka.

Mashindano makubwa zaidi ni ya sikukuu ya bulabo, inayofanyika Bujora kila mwezi wa Juni kwa kuandamana na sherehe ya Ekaristi ya Kanisa Katoliki. Kwa hiyo mtu anayeniuliza safari hii ifanyike lini, namjibu aifanye mwezi wa Juni. Ukienda wakati mwingine utaweza kuomba kikundi kikuchezee kwa malipo, na si vibaya, ila tujue kwamba ngoma ya robo saa inayochezwa mbele ya wageni sita walioketi kwenye viti imekosa kitu cha msingi, kwa kuwa wageni hao hawawezi kukimbilia uwanja wa pili. Pale ambapo mchezaji hana hofu ya kuhamwa, mkono unalegea. Msafiri anayelipia onyesho la namna hiyo na aombe angalau afafanuliwe maneno ya nyimbo, maana Kisukuma kina mafumbo ambayo hata vijana wa mjini wenye majina ya Kisukuma hawayapati.

Magu na Lamadi nitazipita haraka, ingawa samaki wa Lamadi wana sifa yao. Kutoka Bunda unaelekea Musoma, na pale Makutano unaacha barabara kuu kwenda Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, na alikozikwa baada ya kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Wengi huenda Butiama kumtafuta mwanasiasa, wakatazama kaburi na zawadi alizopewa na mataifa, wakarudi. Mimi ningependa mwende kumtafuta mwandishi. Huyu ni mtu aliyekuwa na nchi mabegani mwake na bado akatenga muda wa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, na baada ya kung'atuka akazitia Injili katika tenzi. Kizanaki kilikuwa lugha ya mama yake, lakini kazi hizo aliziandika katika lugha iliyokwisha kuwa na wasomaji wengi, na alijua alichokuwa akikifanya.

Nimemtaja Mwalimu kwa kuwa ng'ambo ya maji tunakutana na mwandishi ambaye mambo yalimwendea kinyume. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 na alikulia Ukerewe, katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho. Alisomeshwa na wamisionari na kwa miaka mingi akawafanyia kazi ya ukatekista na ya kutafsiri. Mwaka 1945 alimaliza kuandika riwaya ndefu kwa Kikerewe, inayohusu mume na mke wanaohangaika kupata mtoto, na ndani yake akaingiza karibu kila kitu alichokijua kuhusu maisha ya Wakerewe wa zamani: namna ya kumsalimia mkwe, kutengeneza pombe ya ndizi, kulima, kuvua, kuuguza na kuzika. Hakupata mchapishaji, kwani nani angechapisha kitabu kikubwa namna ile katika lugha ya wasomaji wachache? Mzee huyo hakukata tamaa. Akaitafsiri mwenyewe riwaya yake kwa Kiswahili, na ndipo mwaka 1980 ikatoka Dar es Salaam kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata alifariki. Kazi hiyo ilikaa miaka 35 bila wasomaji, na walichokuwa nacho Bagika na Bagalu kila msimu wa mavuno, yaani watu waliosimama na kutoa hukumu yao, mwandishi wake hakukipata katika uhai wake.

Ndiyo maana nashauri mtu asiende Ukerewe kabla ya kusoma walau sura za mwanzo za riwaya hiyo. Akishazisoma, mazungumzo yake na wazee wa Bukindo au Kagunguli yatabadilika, kwa sababu hataanza kwa kuuliza maswali ya mtalii. Atauliza kama desturi fulani ya kumrudisha mke kwao ilikuwa kweli kama ilivyoandikwa, na wazee watabishana, na katika ubishi huo atajifunza zaidi kuliko katika kibao chochote cha maelezo. Kisiwa hiki kimemtoa pia Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kuutikisa ushairi wa Kiswahili kwa mashairi yasiyofuata vina. Msafiri mwenye nafasi na apite Namagondo, ingawa sidhani kama atakuta la kumwelekeza zaidi ya watu.

Sasa ratiba, kwa kuwa najua mtaniuliza. Atakayeondoka Jumamosi asubuhi hawezi kufanya Bujora, Butiama na Ukerewe kwa uzito unaostahili na bado awe kazini Jumatatu. Ningeacha Butiama kwa safari nyingine, jambo litakalowaudhi baadhi yenu, na kulala Nansio Jumamosi usiku, ili Jumapili yote iwe ya kisiwa. Wenye magari waulizie mapema saa za kivuko cha Kisorya, kwa maana foleni ya malori huko hairuhusu haraka, na wanaorudi kwa meli wahesabu saa tatu hivi za majini. Malipo ya wachezaji wa Bujora yapatanwe na viongozi wa kikundi kabla ngoma haijaanza, na wapewe wenyewe mkononi badala ya kumwachia dereva au mwongozaji. Na wale watakaokwenda bulabo wasikae upande mmoja tangu asubuhi hadi jioni kwa adabu ya ugeni: kundi likiwachosha, wahame.