Sahani Ngapi Leo?

BARASA: Hamjambo, hamjambo. Mko na Barasa na Atieno, tukizungumza kutoka Kondele, Kisumu. Mada ni simu na chakula cha shule. Leo nimefunga duka la M-Pesa kwa saa moja ili turekodi, kwa hivyo wateja wangu msinipigie. Mwalimu, hicho ni nini umeshika?

ATIENO: Utepe. Lete mkono.

BARASA: Wangu?

ATIENO: Wa kushoto. Kunja kiwiko kwanza. Hapa ncha ya bega, hapa ncha ya kiwiko, katikati naweka alama ya biro. Sasa nyoosha, uache mkono uning'inie, usikaze misuli kama uko jimu. Nazungusha... ona, umekuishia.

BARASA: Haujanifika!

ATIENO: Hautakufika. Huu ni wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Una rangi tatu. Mkono ukizidi sentimita 12.5 ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, mtoto aanze kufuatiliwa. Chini ya 11.5 ni nyekundu, huo ni utapiamlo mkali, na mama hasubiri kesho, anaenda kituo cha afya.

BARASA: Na simu inaingia wapi? Maana tulisema leo ni simu na chakula cha shule.

ATIENO: Unamjua yule mama wa afya anayezunguka mtaani na begi? Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja vifaa vya kazi na simu. Zamani alikuwa anaandika kwenye daftari, mwisho wa mwezi analipeleka kituoni, huko linaandikwa upya. Mtoto wa nyekundu anaweza kukaa kwenye daftari wiki tatu. Sasa anaingiza kipimo hapo hapo mlangoni, na mtandao ukikosekana programu inakitunza mpaka ukirudi.

BARASA: Basi tupeleke huo utepe darasani, tupime wote.

ATIENO: Ndiyo nakwambia, wengi wanakosea hapo. Chekechea sawa, wapo wenye miaka minne. Lakini mtoto wa Gredi ya Tatu huwezi kumsomea rangi hizo. Mkono wake umepita kijani zamani na bado ana njaa. Huyo unahitaji mizani, na ubao wa urefu, na umri. Umri ndio unanitoa jasho.

BARASA: Umri si uko kwenye cheti cha kuzaliwa?

ATIENO: Kama kipo. Udumavu ni mtoto kuwa mfupi ukilinganisha na umri wake. Nimemvua mtoto viatu, visigino vimegusa ukuta, nimesoma vizuri. Namuuliza mama, "Alizaliwa lini?" Ananiambia, "Ile mwaka ya mvua kubwa." Mvua gani, na kwetu mtaani Nyalenda maji yanaingia ndani kila msimu! Mwalimu mwingine anachoka, anaandika tarehe moja Januari, na mwaka wa kukisia. Mtoto wa miaka minane anakuwa wa saba, na simu inaniambia urefu wake uko sawa kabisa. Simu haijadanganya. Imehesabu ilichopewa.

BARASA: Eh. Na nchi nzima tunasemaje?

ATIENO: Walio chini ya miaka mitano, waliodumaa walikuwa asilimia 26 mwaka 2014, wakashuka hadi 18 mwaka 2022. Karibu mmoja kati ya watano. Na sehemu kubwa ya hilo hutokea kabla mtoto hajafikisha miaka miwili, kabla sijamwona mimi.

BARASA: Sasa Mwalimu, unavunja watu moyo. Simu haina kazi shuleni?

ATIENO: Ina kazi, ila tunaisifu mahali si pake. Usinipe programu ya kupima mikono. Nipe itakayoniambia leo tupike sahani ngapi, na itakayonizuia kusoma majina.

BARASA: Majina gani?

ATIENO: Ya wasiolipa. Nimefanya hivyo miaka mingi, sijivunii. Asubuhi gwaride, unasoma: fulani, fulani, fulani, hamna chakula cha mchana. Jumatatu inayofuata wale wale hawaji. Hawaumwi.

BARASA: Sisi enzi zetu ilikuwa maziwa ya Nyayo, ile pakiti ya pembetatu. Hakuna aliyeulizwa mama amelipa.

ATIENO: Na ndio maana unaikumbuka mpaka leo. Angalia walichofanya Food4Education, lile shirika linalopikia watoto wa shule. Mwanzilishi wake, Wawira Njiru, alianzia Ruiru mwaka 2012, na watoto 25. Siku hizi mtoto ana kikuku mkononi, mzazi analipa kwa M-Pesa, mtoto anagusisha kwenye kifaa anapewa sahani. Nairobi, kwenye mpango wao na kaunti, mzazi anatoa shilingi tano. Aliye nyuma kwenye foleni hajui nani amelipiwa na nani. Na jikoni wanajua hesabu. Nyoyo si chai, Barasa. Mahindi na maharagwe yanakaa motoni masaa. Ukikisia vibaya, ama unamwaga ndoo mbili, ama watoto wa mwisho wanakwaruza sufuria.

BARASA: Mimi niwaambie upande wa dukani. Kina mama wanatoka soko la Kibuye asubuhi na sarafu zimenuka omena, wananiambia, "Barasa, niwekee hamsini, halafu unilipie ya shule." Simu ni ya mulika mwizi, kioo kimepasuka, miwani amesahau. Namba ya akaunti anaitaja kwa kichwa. Mimi nabonyeza nikiomba Mungu.

ATIENO: Ulishawahi kukosea?

BARASA: Mwalimu, tuko hewani.

ATIENO: (anacheka) Shule moja niliyofundisha, sitaitaja, walianza kulipisha kwa simu. Akaunti inatakiwa namba ya mtoto. Mama mmoja akaandika jina lake mwenyewe. Pesa imeingia shule, ujumbe anao, lakini kwenye orodha binti yake hayupo. Mtoto amefika mbele ya sufuria na sahani yake ya plastiki, ya kijani, naikumbuka, anaambiwa asimame pembeni.

BARASA: Ukafanya nini?

ATIENO: Alikula changu. Jioni nikaenda kwa mwalimu mkuu, tukagombana kidogo, nimshukuru alinisikiliza. Tukakubaliana: aliyefika kwenye sufuria anapewa. Kasoro ya malipo ni ya ofisi na mzazi, mtoto asiijue. Orodha tukaitumia kuhesabu sahani tu.

BARASA: Na wasiolipa hawakuongezeka?

ATIENO: Waliongezeka kidogo. Wanaokuja shule wakaongezeka zaidi.

BARASA: Na huyo mama, pesa yake ilipatikana?

ATIENO: Ilipatikana baada ya wiki mbili. Lakini alikuwa ameshakuja Jumatatu kulipa tena, akidhani ya kwanza imepotea.

BARASA: Kwa simu?

ATIENO: Aa, simu alikuwa ameshaichukia. Alileta omena, gorogoro mbili. Mpishi alizipokea, tukazila Jumanne.