Jua la Saa Saba na Kinga ya Jani

Ndugu zangu, naanza na dawa ya magugu ambayo wengi wenu mmeishika: parakwati. (Mtu akiimeza, hakuna kiuasumu chake. Iwekeni mbali na watoto.) Pulizia asubuhi jua likiwaka, na jioni magugu yameshanyauka. Yafunike gizani, yatakawia kufa. Kwa nini? Kwa sababu dawa yenyewe haichomi kitu. Inadokoa elektroni ambazo jani limezipata kwa nguvu ya mwanga, inaipa oksijeni, nayo oksijeni inageuka supaoksaidi, yaani oksijeni kali inayoharibu seli. Anayeua ni jua.

Jambo hilohilo hutokea bila dawa, kwa kiasi kidogo. Saa saba mchana, udongo umekauka, mahindi yanafunga matundu ya majani ili yasipoteze maji. Kabonidayoksaidi haiingii, lakini mwanga haukomi. Elektroni zikikosa pa kwenda, oksijeni inazipokea.

Hapo kimeng'enya kimoja kinageuza supaoksaidi kuwa haidrojeni peroksaidi. Hatari haijaisha: peroksaidi ikikuta chuma kilicho huru inazaa haidroksili, kali kuliko zote, na hiyo haina kimeng'enya cha kuizuia. Kwa hiyo kloroplasti, sehemu ya seli ya jani inayonasa mwanga, inaiwahi peroksaidi kwa vitamini C na kuifanya maji. Mwaka 1976, Christine Foyer na Barry Halliwell, wakichunguza kloroplasti za spinachi, walipendekeza jinsi vitamini C iliyotumika inavyorudishwa kazini kwa msaada wa glutathioni, kemikali nyingine ya kinga ndani ya seli. Na nguvu ya kuirudisha? Inatoka kwenye jua lilelile!

Siku hizi sifa zote wanapewa hao wapambanaji, kina vitamini C na glutathioni, hadi wanauzwa kwa vidonge. Kwa maoni yangu, kinga kubwa ya jani ni kuukataa mwanga kabla haujaleta madhara. Mwanga ukizidi, rangi ya manjano iitwayo violaksanthini hugeuzwa zeaksanthini ndani ya dakika chache, na nishati ya ziada hutolewa kama joto.

Mabingwa wako miambani: mimea inayokauka kabisa bila kufa. Mmoja ni zerofita: jani likianza kukauka, huibomoa klorofili yake yote, na mvua ikinyesha huijenga upya. Mwingine, kraterostigma, huibakiza, ila hukunja majani na kujikinga kwa rangi ya zambarau.

Mbegu ya mahindi nayo hukauka bila kufa. Jani lake haliwezi. Profesa Jill Farrant wa Chuo Kikuu cha Cape Town anaeleza kwamba mimea hii ya miambani huwasha, ndani ya majani, jeni zilezile za mbegu. Mahindi yanazo tayari. Kazi iliyobaki ni kuziwasha jani linapokauka.