Muhogo Nao Unapumua

NEEMA: Mwalimu Salum, kabla hujakaa vizuri, nina ugomvi na wewe. Kipindi kilichopita ulisema mmea unapumua usiku na mchana. Mimi shuleni nilikariri hivi: mchana unatoa oksijeni, usiku unatoa hewa ukaa. Na bibi yangu alitukataza kabisa kulala chini ya mwembe.

SALUM: Bibi shikamoo yake, lakini kupumua hakuna zamu, dada Neema. Mmea unapumua saa zote. Kinachosimama giza likiingia ni usanisinuru, yaani jani kutengeneza sukari kwa mwanga. Mchana jani linatengeneza sukari haraka kuliko linavyoitumia, kwa hiyo hewa ukaa inayotokana na kupumua inadakwa humohumo ndani na kutumika tena. Usiku hakuna wa kuidaka, ndiyo inatoka nje.

NEEMA: Na mwembe?

SALUM: Uwanjani upepo unapita. Mtu unayelala naye chumba kimoja anatoa hewa ukaa nyingi kuliko maua yako yote ya dirishani. Chini ya mwembe uogope mbu.

NEEMA: Haya, bibi atasikia. Leo umesema utatufundisha kwa muhogo. Kwa nini muhogo, si mahindi?

SALUM: Subiri, utaona. Tuanze na jani lake, yaani kisamvu kabla hujakitwanga. Lina vitundu vidogo mno, stomata, vingi viko upande wa chini. Hewa ukaa inapenya hapo, na hewani imo kidogo sana, kama asilimia 0.04 tu. Maji yanapanda kutoka mizizini. Klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, inanasa mwanga, na nguvu ya mwanga huo inapasua maji. Oksijeni inatoka, haidrojeni inabaki kufanya kazi ya kuigeuza hewa ukaa iwe sukari.

NEEMA: Hapo hapo. Oksijeni si inatoka kwenye hewa ukaa? Kaboni inabaki, oksijeni inaachiwa.

SALUM: Hata wanasayansi waliamini hivyo miaka mingi. Mwaka 1941 kule Marekani, Samuel Ruben na Martin Kamen na wenzao walitumia maji yenye oksijeni nzito, wakaangalia itatokea wapi. Ikatoka kwenye gesi iliyoachiwa na mwani. Oksijeni unayovuta sasa hivi ilikuwa maji.

NEEMA: Duh. Na sukari yenyewe inakwenda wapi?

SALUM: Inateremka hadi mizizini, huko inageuzwa wanga na kuhifadhiwa. Ndiyo maana muhogo unanenepa ardhini ingawa udongo haupungui. Mwanasayansi wa zamani, Jan Baptist van Helmont, aliliona hilo kwa mti aliouotesha kwenye chombo miaka mitano. Mti uliongezeka kilo sabini na zaidi, udongo ukapungua gramu chache tu, kama sitini. Habari zake zilichapishwa 1648. Yeye akasema mti wote ni maji. Hewa hakuifikiria.

NEEMA: Kwa hiyo ugali wa muhogo ni hewa na maji.

SALUM: Na jua. Sasa njoo kwenye mzizi wenyewe. Uko gizani, hautengenezi chochote, lakini uko hai na unataka nguvu. Kwa hiyo unapumua. Ndiyo maana shamba likituama maji mihogo inaoza: oksijeni haifiki. Na mashine inayotumika ni ileile uliyonayo wewe kwenye moyo na misuli: mitokondria. Fikiria watu wamejipanga mstari kuzima moto, wanapokezana ndoo. Elektroni za sukari zinapokezanwa hivyo kwenye mstari wa protini, na kila mpokezano unaacha nguvu kidogo, inayowekwa kwenye ATP, kama betri ndogo za seli. Wa mwisho anaikabidhi oksijeni, maji yanatokea. Oksijeni ikiwepo, glukosi moja inatoa ATP kama thelathini. Isipokuwepo, mbili tu.

NEEMA: Na huyo wa mwisho akizuiwa?

SALUM: Mstari wote unakwama. Na hapo ndipo muhogo unapoingia, kwa sababu sumu yake inamshika huyo wa mwisho. Ni sianidi. Mtu anavuta hewa vizuri, damu imejaa oksijeni, ila seli haziwezi kuitumia.

NEEMA: Sasa muhogo wenyewe unaponaje, kama nao una mitokondria zilezile?

SALUM: Swali zuri kuliko yote leo. Kwanza, hauna sianidi ikielea ndani. Una linamarini, kemikali inayotoa sianidi ikivunjwa, imefungiwa kwenye kifuko ndani ya seli, na kimeng'enya cha kuivunja kiko nje, kwenye ukuta wa seli. Vinakutana pale tu panya anapotafuna au wewe unapotwanga. Pili, mimea ina njia ya pembeni ya kumkwepa yule wa mwisho. Haitoi nguvu nyingi, lakini inaokoa. Sisi njia hiyo hatuna.

NEEMA: Ndiyo maana watu wa Kanda ya Ziwa wanavundika muhogo kupata udaga.

SALUM: Ndiyo hasa. Ukiponda, ukiloweka, ukivundika, unavunja kuta, linamarini na kimeng'enya vinakutana, sianidi inatoka ikapeperuka. Inachemka kwenye nyuzi 26 hivi, joto la mchana la Mwanza. Wazee hawakuwa na maabara, lakini walijua siku za kuloweka hazipunguzwi. Balaa linakuja njaa ikibana. Ukame unaongeza sumu kwenye mihogo, na watu wenye njaa wanafupisha siku. Kule Nampula, Msumbiji, 1981, mamia ya watu, wengi wanawake na watoto, walipooza miguu na haikurudi. Konzo, ugonjwa huo unaitwa. Umewahi kutokea Kongo, na hapa kwetu pia, Tarime.

NEEMA: Inauma. Sasa wale tunaotafuna muhogo mbichi na pilipili pale stendi?

SALUM: Ule kwa kawaida ni muhogo mtamu, sumu yake ni kidogo na imejaa zaidi kwenye ganda. Menya ganda lote, usile kilo nzima, na ukiwa mchungu mdomoni, tema. Ila utamu si hakikisho kamili, hasa mwaka wa ukame. Mimi nachemsha.

NEEMA: La mwisho. Ukiuchimba, siku ya tatu una mistari ya bluu nyeusi ndani. Ni kuoza?

SALUM: Mwanzoni bado si kuoza. Mzizi uliojeruhiwa bado uko hai, na oksijeni inayopenya kwenye majeraha inauchochea ujiharibu wenyewe. Wasafirishaji wanaoupaka nta wanazuia hewa isiingie. Mkulima mwenye akili anauacha ardhini mpaka mteja afike.