Wakurdi Wasiotajwa Kwenye Habari

Assalaam alaikum. Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi vijana mliojaa kule nyuma, hamjambo.

Hapa Kenya jina la Wakurdi liliingia majumbani mwetu Februari 1999, Abdullah Öcalan, kiongozi wa PKK, chama cha Wakurdi wa Uturuki kilichoshika silaha, alipokamatwa Nairobi baada ya kufichwa kwenye makazi ya balozi wa Ugiriki, akapakiwa ndege mpaka Uturuki. Magazeti yalitusimulia habari za majasusi, na za mawaziri wa Ugiriki waliojiuzulu kwa fedheha ile. Kisha zikaja habari za vita vya Iraq, na baadaye vya Syria. Kila Mkurdi tuliyeonyeshwa alikuwa na bunduki begani. Mimi leo nimekuja kuwazungumzia wale walio wengi kuliko hao: hamali, mwalimu asiyelipwa mshahara, mama anayetafuta mifupa ya mwanawe.

Kwa makadirio Wakurdi ni milioni 30 hadi 40, na nchi yao ya milima imegawanywa baina ya Uturuki, Iran, Iraq na Syria. Mkataba wa Sèvres wa 1920 uliwafungulia mlango wa kuwa na dola yao. Ule wa Lausanne wa 1923 ukaufunga bila hata kuwataja. Historia hiyo mtaisoma popote, sitakaa hapo. Ila msiwaone ni watu wa mbali. Maulidi ya Barzanji tunayoyasoma huku pwani, kwenye harusi na kwenye mfunguo sita, yalitungwa na Sayyid Jaafar al-Barzanji wa Madina, na ukoo wa Barzanji unatokana na Barzinja, mahali palipo katika mkoa wa Sulaymaniyah, Kurdistan ya Iraq. Wakurdi wengi wa Sunni ni Mashafii kama sisi, ilhali jirani zao Waturuki kwa kawaida ni Mahanafi. Wako pia Mashia, Waalevi wenye madhehebu yao, na Wayazidi wenye dini yao. Nalisema hili kwa sababu mtu akishajua kwamba amekuwa akimsalia Mtume kwa maneno ya mtoto wa ukoo ule, taabu yao huisikia kwa sikio jingine.

Sasa tupande mlima.

Magharibi ya Iran, kwenye miji ya Marivan, Baneh, Sardasht na Piranshahr, na kwenye vijiji vya Hawraman, wako watu wanaotafuta riziki kwa kubeba mizigo kuvuka safu ya Zagros. Huitwa kolbar. Wengi ni wanaume, lakini wanawake wamo. Mtu huvuka upande wa Iraq, akapokea mzigo wake: matairi, televisheni, katoni za sigara, nguo, vyombo vya umeme. Anaufunga mgongoni kwa kamba, anarudi nao gizani kwa njia za panya. Kilo 30, kilo 40, wengine zaidi. Anayeiona picha yake kwa mara ya kwanza haoni mtu. Anaona sanduku lenye miguu miwili juu ya theluji.

Malipo ni kwa uzito na kwa safari. Mzigo ukiporomoka bondeni au ukikamatwa, hasara mara nyingi humwangukia aliyeubeba. Mwenye mali yuko mjini. Watu wa Tehran husafiri mwendo mrefu mpaka Baneh kwa sababu mji ule unasifika kwa maduka ya televisheni na viyoyozi vya bei nafuu. Sehemu ya bidhaa zile ilipita kwenye uti wa mgongo wa mtu ambaye pengine nyumbani kwake hana kiyoyozi.

Njiani kuna baridi na maporomoko ya theluji. Kuna mabomu yaliyofukiwa ardhini tangu vita vya Iran na Iraq, vya 1980 hadi 1988, ambayo mpaka leo hukata watu miguu. Na kuna risasi. Mashirika ya haki za binadamu ya Wakurdi huorodhesha majina ya makolbar waliouawa na kujeruhiwa, mwaka hata mwaka, na sababu inayoongoza katika orodha hizo ni bunduki za askari wa mpakani. Serikali husema hayo ni magendo. Tuseme ni magendo. Nchi gani yenye haki humhukumu kifo mtu aliyebeba tairi, tena bila hakimu, gizani?

Desemba 2019 ndugu wawili wa upande wa Marivan walikwenda kubeba. Mmoja alikuwa na miaka 17, mwenzake 14. Tufani ya theluji iliwakuta mlimani, na wote wawili wakafa kwa baridi. Mdogo alikuja kupatikana baada ya siku kadhaa za wanakijiji kumtafuta. Habari zao zilienea Iran nzima, na watu wengi wasio Wakurdi walilia nao. Kisha msimu ukaendelea, na watu wakarudi njiani, kwa sababu deni la dukani halingoji matanga yaishe.

Mtu huuliza: kwa nini mwenye shahada ya chuo kikuu abebe friji mgongoni? Maana wamo walimu na wahitimu katika kazi hii. Jibu liko kwenye ardhi na kwenye bajeti. Majimbo yale yalikuwa uwanja wa vita miaka minane. Mashamba na malisho yalibaki na mabomu. Mji wa Sardasht ulipigwa kwa gesi ya sumu na ndege za Saddam tarehe 28 Juni 1987, na wako watu kule hadi leo wanaovuta pumzi kwa taabu. Baada ya vita viwanda vilijengwa mahali pengine. Serikali iliwaona Wakurdi kwa jicho la usalama kwanza, jicho la maendeleo baadaye sana. Kijana akitazama kulia haoni kazi, akitazama kushoto haoni shamba. Mbele yake upo mlima, na ng'ambo ya mlima wako binamu zake wanaozungumza lugha yake. Mpaka ule ulichorwa ukiwakuta pale.

Ndivyo ilivyo na upande wa Uturuki. Usiku wa tarehe 28 Desemba 2011 kundi la wanakijiji wa Roboski, wilaya ya Uludere, lilikuwa likirudi kutoka Iraq na nyumbu waliobeba dizeli na sigara. Safari hiyo ilikuwa ikifanywa miaka nenda miaka rudi, na vituo vya jeshi vya karibu viliijua. Ndege za kivita za Uturuki ziliwashambulia kwa mabomu. Walikufa watu 34, wengi wao wa ukoo mmoja, na takriban nusu walikuwa hawajafika miaka 18. Wapo waliokwenda ili wapate pesa ya shule. Wenyewe wanakijiji ndio waliopanda kukusanya maiti, wakazifunga kwa mablanketi, wakazishusha kwa nyumbu waliosalia. Mwaka 2014 waendesha mashtaka wa kijeshi walifunga jalada wakisema ni kosa lisiloepukika. Mahakama ya Katiba iliikataa kesi kwa kuwa nyaraka zilichelewa kuwasilishwa, na mwaka 2018 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo ikaikataa kwa kufuata sababu hiyo hiyo. Watu 34, na kesi ikafia kwenye karatasi zilizochelewa. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado moyo wangu haujalikubali.

Nihame mlimani, niingie nyumbani. Mtoto amezaliwa, baba anakwenda kumwandikisha. Uturuki, kwa miaka mingi, akitaka kumwita binti yake Xezal, karani anakataa, kwa sababu herufi x haimo katika alfabeti ya Kituruki. Hali kadhalika q na w. Mtoto anaandikwa Hezal. Nyumbani anaitwa hivi, shuleni vile. Mpaka 2013 ndipo serikali ilipotangaza kulegeza katazo la herufi hizo. Kabla ya hapo, sheria ya 1983 ilipiga marufuku kusambaza mawazo kwa lugha ya Kikurdi, na haikufutwa hadi 1991. Hebu fikirini kaseti. Watu walificha kaseti za nyimbo, wengine wakazifukia ardhini kama mtu anayefukia silaha. Jioni familia zilisogea kwenye redio kusikiliza idhaa ya Kikurdi kutoka Yerevan, iliyoanza 1955 katika Armenia ya Kisovieti, sauti wameiteremsha ili jirani asisikie. Bibi alisikia lugha yake ikitamkwa na mtangazaji, kwa heshima, kama lugha za watu wengine. Leo watoto wanaweza kuchagua somo la Kikurdi kuanzia darasa la tano, saa mbili kwa wiki. Ni hatua. Lakini mtoto anayeanza darasa la kwanza bado anafundishwa hesabu kwa lugha ambayo pengine mama yake haijui vizuri, halafu anaitwa mzito wa kuelewa.

Yule binti aliyefia mikononi mwa polisi wa maadili Tehran tarehe 16 Septemba 2022, ambaye dunia ilimwita Mahsa Amini, kwao Saqqez aliitwa Jina. Mahsa lilikuwa jina la kwenye vyeti. Wito uliosikika kwenye mazishi yake, "Jin, Jiyan, Azadî", yaani mwanamke, uhai, uhuru, ulikuwa wa Kikurdi kabla haujawa wa Iran yote.

Syria mambo yalikwenda mbali zaidi: huko walinyang'anywa karatasi zenyewe. Mwaka 1962 ilifanyika sensa ya siku moja katika mkoa wa Hasakah, na Wakurdi wapatao 120,000 wakaamka si raia. Ndugu wa tumbo moja, mmoja raia, mwenzake mgeni. Watoto wao wakairithi hali hiyo, na wajukuu pia. Wengine walipewa kadi ya ugeni. Wengine, walioitwa maktumin, hawakuandikwa popote. Bila karatasi hununui shamba, huajiriwi serikalini, hupati pasipoti, na ndoa yako ni shida kuisajili. Nyinyi wa Kwale na Kilifi sina haja ya kuwaeleza sana. Mliwaona Wamakonde waliokaa hapa vizazi na vizazi bila kitambulisho hadi 2016, na Wapemba hadi 2023. Aprili 2011, maandamano yalipokuwa yameshaanza, rais wa Syria alitoa amri ya kuwapa uraia wale wenye kadi za ugeni. Maktumin hawakuguswa na amri ile. Miaka 49 ilikuwa imepita, na vita vilikuwa vinabisha hodi.

Kuna jambo ambalo huenda limo jikoni kwenu. Uturuki hutoa sehemu kubwa kabisa ya zile kokwa za mviringo zinazosagwa na kutiwa kwenye chokoleti. Wenyewe huziita fındık. Huvunwa Agosti kwenye miteremko ya Bahari Nyeusi. Wavunaji wengi ni familia za Kikurdi kutoka Urfa, Mardin na Diyarbakır, zinazosafiri nchi nzima na magodoro na masufuria yao, zikilala kwenye mahema. Watoto huondoka shule kabla haijafungwa, kwa sababu kabla ya kokwa kuna mazao mengine, na hurudi wenzao wakiwa wameshaanza. Baadhi ya wazazi hawa ni watoto wa vijiji vilivyohamishwa kwa nguvu na kuchomwa na jeshi miaka ya tisini, vijiji kwa maelfu. Mtu aliyekuwa na mbuzi na mizabibu yake amekuwa kibarua wa msimu.

Kurdistan ya Iraq ina serikali yake, bunge lake na bendera yake, na wengi hudhani hapo taabu imekwisha. Tangu 2014, kwa mvutano wa Erbil, mji mkuu wao, na Baghdad juu ya mafuta na bajeti, mishahara ya watumishi imekuwa ikichelewa, ikikatwa, ikirukwa. Mwalimu anafundisha asubuhi, jioni anaendesha teksi. Mapema 2025 baadhi ya walimu wa Sulaymaniyah waligoma kula wakidai mishahara yao. Vijana wa Ranya na miji ya jirani wanauza gari la baba na dhahabu ya mama wamlipe msafirishaji awavushe mpaka Ulaya. Tarehe 24 Novemba 2021 boti ya mpira ilizama baina ya Ufaransa na Uingereza, wakafa watu wasiopungua 27, wengi wao Wakurdi wa Iraq. Wazazi wao walinusurika mwaka 1988, mwaka wa Anfal, kampeni ya Saddam ya kuwaua Wakurdi na kubomoa vijiji vyao, mwaka wa gesi ya Halabja iliyoua watu wapatao 5,000 tarehe 16 Machi. Mzazi aliyeokoa roho yake kutoka kwa Saddam alimzika mwanawe kwa sababu ya mshahara.

Lakini msiondoke hapa mkidhani watu hawa wanaishi kwa kulia tu. Ijumaa, hewa ikiwa nzuri, Kurdistan ya Iraq huhamia mabondeni: dolma sufuria zima, chai, ngoma ya kushikana mikono kwa duara, bibi na mjukuu mstari mmoja. Machi, kwenye Newroz, sikukuu yao ya mwaka mpya, mioto huwaka milimani, hata miaka ambayo kuiwasha kulimpeleka mtu jela.

Na wako akina mama wa Jumamosi, wa Istanbul. Walianza tarehe 27 Mei 1995, wakasimama baina ya 1999 na 2009, kisha wakarudi, kukaa na picha za watoto wao na waume zao waliochukuliwa na askari wasirudi. Wengi wao ni Wakurdi. Mwaka 2018, kwenye wiki yao ya 700, polisi waliwatawanya kwa gesi ya machozi na uwanja wa Galatasaray ukafungwa. Mei 2024 walifikisha wiki ya 1,000. Mwaka 2025 PKK ilitangaza kujivunja, na Julai kundi la kwanza la wapiganaji wake likachoma silaha zao kwenye mkoa wa Sulaymaniyah. Mimi naiombea amani hiyo kwa moyo wote. Akina mama hawa madai yao hayajabadilika: waambiwe maiti ziko wapi, na waliohusika wafikishwe mahakamani.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Yule bwana aliyeinua mkono nilipotaja Wamakonde, tuanze na swali lake.