Tochi Kuukuu ya Kuzamia: Badilisha Taa, Usiguse Ganda

Habari za jioni, ndugu zangu. Shikamooni wazee mliokaa mbele.

Nimeombwa nizungumzie zile tochi za zamani za kuzamia, za plastiki nene, zenye globu ya halojeni na betri nne za saizi C. Wengi wenu mnazo stoo kwa sababu globu zake zimekuwa taabu kupatikana. Mnaniuliza: nikitoa globu nikaweka LED, itafanya kazi? Itafanya. Ila kwanza tuelewane juu ya kitu ambacho hatutakigusa, nacho ni ganda.

Ganda ndilo mali. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo wa takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kioo chenye kipenyo cha sentimita 5, kikishushwa mita 20, hubanwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40. Kinachobeba mzigo huo ni plastiki isiyo na tundu, na kinachozuia maji ni oringi, mpira mwembamba tu. Kwa hiyo msitoboe ganda ili kuweka swichi mpya, hata kama fundi amewaahidi kuliziba kwa gundi. Plastiki hunepa kila unapozama na kupanda. Gundi iliyokauka hainepi, na ufa huanzia hapo. Kazi yetu yote iko ndani.

Sasa joto, maana hapa ndipo tochi nyingi zilizogeuzwa hufia. Globu ya halojeni ni moto mtupu, lakini sehemu kubwa ya joto lake hutoka mbele pamoja na mwanga, likapita kwenye kioo likaishia majini. LED haifanyi hivyo. Zaidi ya nusu ya umeme inaoupokea hugeuka joto, na joto hilo hutokea mgongoni, kwenye kipande kidogo kama ukucha. Lisipopata njia, LED hufifia, kisha hufa. Na njia haipo, kwa sababu plastiki ya ganda letu haipitishi joto vizuri: aluminiamu huipita takriban mara 1,000.

Dawa yake ni kwenda kwa fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma, akukatie kipande cha aluminiamu kinachoingia pale globu na bakuli lake la kuakisi vilipokuwa. Gramu 100 zatosha. Tupige hesabu pamoja. LED ya wati 3 inatupa kama wati 2 za joto. Wati moja ni jouli moja ya nishati kila sekunde, na aluminiamu ya gramu 100 huhitaji jouli 90 kupanda nyuzi moja. Kwa nusu saa tumeipa jouli 3,600, basi imepanda nyuzi 40 hata tukidhani hakuna joto lolote lililotoka nje. Maji yakiwa nyuzi 28, aluminiamu iko 68. LED inavumilia. Ukiweka wati 10 kwa sababu muuzaji amekusifia, hesabu hiyohiyo inakupeleka nyuzi 100 chini ya dakika 20. Kwa ganda la plastiki mimi nasimama kwenye wati 3, na sioni unyonge wowote: LED nzuri ya wati 3 hutoa mwanga wa zaidi ya lumeni 300, wakati halojeni ya wati 10 ilikuwa ikitoa kati ya 150 na 200. Kati ya LED na aluminiamu pakeni grisi ya kupitisha joto, nyembamba sana.

Upande wa umeme: LED nyeupe inataka volti 3 hivi, na betri nne zina 6. Msiunganishe moja kwa moja. Nunueni saketi ya kudhibiti mkondo, ile inayopunguza volti kwa kukata na kuwasha umeme haraka. Ile ya bei rahisi kabisa huigeuza ziada kuwa joto, nasi joto tumeshalikataa. Tieni alama ya chanya na hasi kwenye kishikio cha betri. Globu haikujali betri zimekaa vipi. LED inajali.

Lile bakuli la kuakisi liwekeni kando. Lilitengenezwa kwa waya unaomulika pande zote, ilhali LED inamulika mbele tu. Tumieni lenzi ndogo ya plastiki inayokusanya mwanga kwenye pembe ya nyuzi 10 hadi 15. Maji yakiwa na vumbi, mwanga mwembamba hupenya, mwanga mpana hukurudia usoni.

Kuna kijana ameuliza kuhusu betri za lithiamu za kompyuta mpakato. Mwanangu, usiziweke humo. Zikiharibika hutoa gesi na moto, na ganda lililofungwa halina pa kuitolea. Hata betri za kawaida za alkali hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka, hasa zikiingiwa na maji. Ndiyo maana baadhi ya tochi zina kifuko kidogo ndani cha kuinyonya gesi hiyo, msikitupe. Na tochi iliyoingia maji ifungueni ikiwa imeelekezwa mbali na uso wa mtu.

Kabla ya kufunga LED, toeni kila kitu, wekeni tishu kavu ndani, futeni oringi na mfereji wake mpaka usibaki uzi wala punje ya mchanga, pakeni grisi ya silikoni kidogo, kisha shusheni ganda kwa kamba yenye kipande cha chuma cha kulizamisha hadi kina mnachozamia. Liache nusu saa. Tishu ikitoka kavu, fungeni LED. Ikitoka na unyevu, nunueni oringi mpya mrudie. Na usiku wa kwanza mnapozama nayo, iwe tochi ya pili mkononi mwenu, si ya kwanza.